Video za siku mbili, kisha zamu ya usiku peke yangu: je, hayo ni mafunzo ya kazi katika makazi ya wazee?

Mgeni wa Zamu ya Usiku:

Ndugu zangu, salamu, na kwa wakubwa wangu shikamooni.

Naomba ushauri wa watu waliokwisha kuifanya kazi hii kwa muda. Wiki tatu zilizopita niliajiriwa katika makazi ya wazee hapa jimbo la Washington, kusini mwa Seattle. Si hospitali wala si nyumba ya uuguzi. Kila mzee ana chumba chake chenye bafu na jiko dogo, chakula wanakula pamoja ukumbini, na sisi wahudumu tunawasaidia katika yale wasiyoyaweza tena: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kukumbuka dawa. Orofa moja, ambayo mlango wake unafunguliwa kwa namba za siri, ni ya wenye ugonjwa wa kusahau.

Mafunzo yangu yalikuwa hivi. Siku mbili nilikaa katika chumba cha mapumziko mbele ya kompyuta nikitazama video, na kila video ilifuatwa na maswali kumi ya kuchagua jibu, ambayo ukikosea unarudia mpaka upatie. Nilitoka hapo na vyeti 14. Siku tatu zilizofuata nilimfuata nyuma dada mmoja mwenye uzoefu katika zamu ya mchana, naye alikuwa na shughuli nyingi kiasi kwamba maelezo yake yote alinipa akitembea. Wiki hii meneja amenipanga usiku, saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, katika orofa ile ya wenye kusahau, peke yangu. Mwenzangu wa orofa ya chini naye ana mwezi mmoja tu kazini.

Juzi, yapata saa nane usiku, mama mmoja alitoka chumbani amevaa koti juu ya nguo za kulalia, mkoba mkononi, akasema amechelewa basi na watoto wake wanatoka shule. Nilimwambia ukweli: mama, sasa ni usiku, na watoto wako ni watu wazima. Alilia, kisha akanipiga na mkoba kifuani. Video ilikuwa imesema "elekeza mawazo yake kwingine", nami swali hilo nilikuwa nimelipatia mara ya kwanza.

Sasa nimeambiwa kwamba kuanzia wiki ijayo nitampima sukari mzee mmoja kila asubuhi na kumchoma insulini, na kwamba yule dada wa mchana atanionyesha. Vilevile nimepewa karatasi ya kutia sahihi kwamba nikiacha kazi kabla ya mwaka nitalipa gharama za mafunzo. Nauliza: sheria inataka nini hasa? Hilo la insulini ni halali? Nami nikikataa, nitakuwa nimejifukuzisha kazi mwenyewe?

Dada wa Kent:

Kaka, pole, na karibu katika kazi. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Nianze na sheria, kwa kuwa ndiyo itakayokupa mdomo wa kusemea mbele ya meneja.

Marekani haina kanuni moja ya taifa zima kuhusu mafunzo ya wahudumu wa makazi ya aina hiyo. Zinazobanwa na sheria ya shirikisho ni nyumba za uuguzi, ambazo tangu sheria ya mwaka 1987 wasaidizi wao wanatakiwa kupata saa zisizopungua 75 za mafunzo pamoja na mtihani. Makazi kama yako yameachiwa majimbo, ndiyo maana ukimuuliza rafiki yako aliyeko Texas atakuambia habari za saa 4 za utangulizi na saa 16 za kufanya kazi huku akisimamiwa, na hatakuwa amekudanganya.

Hapa Washington mambo ni mazito zaidi, na uzito huo uliletwa na wapiga kura wenyewe, waliopitisha jambo hili mwaka 2008, kisha wakalipitisha tena mwaka 2011 baada ya utekelezaji kuahirishwa. Tangu Januari 2012 mhudumu mpya anatakiwa kupata saa 75: saa 5 za utangulizi na usalama kabla hajaanza kumhudumia mkazi, na saa 70 za mafunzo ya msingi ndani ya siku 120 tangu aajiriwe. Baada ya hapo kuna mtihani wa jimbo, wa maswali na wa vitendo, na cheti kinatakiwa kiwe kimetoka ndani ya siku 200. Ambaye Kiingereza bado kinamsumbua anaweza kuomba cheti cha muda kinachomwongezea siku 60. Kuna jambo ambalo wageni wengi hulipita bila kulijua: fomu ya kuomba cheti inapelekwa Idara ya Afya ndani ya siku 14 tangu siku ya kuajiriwa. Wewe una wiki tatu. Kesho asubuhi muulize meneja kama fomu yako ilikwenda.

Kuhusu usiku wa peke yako: kabla hujamaliza mafunzo ya msingi unaruhusiwa kufanya kazi, ila chini ya usimamizi wa moja kwa moja, maana yake mtu aliyekwisha kutimiza masharti awepo katika jengo hilohilo na aweze kukufikia upesi. Mtu wa kupigiwa simu aliyelala nyumbani kwake hahesabiki, na mwenzako wa mwezi mmoja, kama naye hajamaliza, hahesabiki pia. Isitoshe, mahali penye wagonjwa wa kusahau pana mafunzo yake maalumu. Hizo video zako huenda zilikuwa zile saa 5 za mwanzo, pengine na kidogo juu yake. Tazama vyeti vyako uone vimeandikwa nini, kwa sababu si kila cheti cha kompyuta kinatambuliwa na jimbo.

Muuguzi wa Tacoma:

Mimi ni muuguzi aliyesajiliwa, na kukasimu, yaani kuwakabidhi wahudumu baadhi ya kazi za uuguzi chini ya usimamizi wangu, ndiyo kazi yangu ya kila siku, nikizunguka nyumba kadhaa. Nitajibu swali la insulini peke yake.

Jibu ni kwamba yule dada hana uwezo wa kukukasimia, hata kama amechoma sindano elfu moja. Katika jimbo hili mhudumu anaweza kumsaidia mkazi katika dawa iwapo mkazi mwenyewe anafahamu kwamba anapokea dawa na anaweza kuitia kinywani, au kuipaka, yeye mwenyewe. Hapo wewe unamkumbusha, unamfungulia kichupa, unamwekea kidonge katika kiganja. Likizidi hilo, ni kumpa dawa, na kumpa dawa ni kazi ya uuguzi, ambayo mhudumu huifanya kwa kukasimiwa tu. Ili ukasimiwe, kwanza uwe na usajili au cheti kinachotambuliwa na jimbo, kisha uwe umesoma kozi ya saa 9 ya kukasimiwa, na kwa insulini uongeze kozi ya saa 3 ya kisukari. Baada ya hapo mimi, muuguzi, naja kumpima mkazi huyo, nakufundisha wewe juu ya mkazi huyo, nakutazama ukifanya, ndipo natia sahihi. Na wiki nne za mwanzo nakuja kukusimamia walau mara moja kwa wiki. Mkazi wa chumba cha pili akianza insulini kesho, ruhusa ya yule wa kwanza haimfikii. Ukihamia jengo jingine, unaiacha ulikoipata.

Kuhusu kukataa: sheria ya hapa inasema wazi kwamba mhudumu hatalipiziwa kisasi na mwajiri kwa kukataa kazi aliyokasimiwa kwa sababu ya usalama wa mgonjwa. Kwa hiyo kataa kwa maandishi, kwa adabu, ukitaja neno hilo la usalama.

Nikuongezee jambo ambalo sijaliona katika video yoyote, nalo ni la kwetu sisi tuliotoka Afrika Mashariki. Kule nyumbani sukari tunaisoma kwa kipimo ambacho 5.5 ni mtu mzima wa afya. Hapa mashine inasoma kwa miligramu, na 5.5 hiyo inakuwa kama 100. Nimewahi kumwona kijana mwenye akili timamu akishtuka kwa kuona 98 na kutaka kupiga simu ya dharura, na mwingine, hilo ndilo lililonitisha zaidi, aliyeona 62 akaandika kitabuni akaendelea na kazi, kwa kuwa namba ilimwonekea kubwa. Chini ya 70 ni sukari iliyoshuka. Mkazi aliye macho na anayeweza kumeza anapewa gramu 15 za sukari ya haraka, kama nusu glasi ya maji ya matunda, na baada ya dakika 15 anapimwa tena. Na insulini haichomwi kabla muuguzi hajaambiwa.

Mwenye Nyumba Ndogo:

Niruhusuni niseme upande wa mwajiri, ambao humu hausemwi sana. Ninaendesha nyumba ya familia, yaani makazi madogo ya wazee ndani ya nyumba ya kawaida, yenye wakazi 6. Huyo meneja simtetei, kwani kumwacha mgeni peke yake na wagonjwa wa kusahau ni kosa, nami ningefanya hivyo mkaguzi angenikuta na hatia. Hata hivyo mfahamu kwamba mhudumu mmoja anapokuwa darasani kuna mwingine anayelipwa kusimama mahali pake, na kwamba wengi tunaowasomesha wanaondoka mara cheti kinapotoka, wakifuata dola moja zaidi kwa saa. Karatasi ya kulipa gharama inatokana na hofu hiyo. Siisifu, maana mtu anayebaki kwa kuogopa deni huwahudumia wazee kwa uso wa deni.

Juu ya malipo, kanuni ya shirikisho ni kwamba muda wa mafunzo hauhesabiwi kuwa kazi pale tu yanapotimia masharti manne kwa pamoja: uwe nje ya saa za kazi, kuhudhuria kuwe kwa hiari, somo lisihusiane na kazi yako, na usiwe unafanya kazi nyingine wakati huo. Siku mbili za video za mwajiri, katika chumba cha mwajiri, kwa amri ya mwajiri, ni siku mbili za mshahara. Darasa la cheti cha jimbo, ambacho utakwenda nacho popote, lina mabishano zaidi, kwa hiyo lipatie jibu la maandishi kabla ya kuanza: nani analipa ada, na saa zinalipwa au hazilipwi. Karatasi uliyopewa usiitie sahihi papo hapo. Iombe nakala ukaisome nyumbani.

Nami sikubaliani na wanaozibeza video zote. Kunawa mikono, kuvaa glavu, dalili za mzee kunyanyaswa na wajibu wa kutoa taarifa, haya kompyuta inayafundisha vizuri kuliko mimi nikiwa nimechoka. Lakini kumwinua mtu kitandani, hapana.

Mama Mkufunzi:

Mwanangu, marahaba. Nafundisha darasa la wahudumu, na nusu ya wanafunzi wangu wametoka Kenya, Tanzania na Kongo. Wenzangu wamekupa sheria, mimi nikupe yale ambayo kompyuta haikukupa.

Kosa lako kwa yule mama mwenye mkoba wanalifanya wote, maana tumelelewa kwamba kumdanganya mtu mzima ni utovu wa adabu. Lakini ukweli uliompa haukumfikia. Kilichomfikia ni kwamba mwanamume asiyemjua, usiku, anamzuia asiende kwa wanawe. Siku nyingine usimkabili kwa kusimama mlangoni. Mjie kwa mbele ili akuone, simama upande kidogo, shusha kimo chako mpaka macho yako yawe chini ya yake, mwite kwa jina analopenda kuitwa, kisha ungoje. Hili kwetu si geni: ni vile ulivyofundishwa kumwamkia bibi yako, ukipiga goti kidogo na kusubiri akuitikie kabla ya kusema shida yako. Halafu muulize habari za watoto. Wanaitwa nani? Mdogo anasoma darasa la ngapi? Tembea naye huku akikueleza, na ukumbi ukizungukwa mara mbili mtakuta kiti, na kwenye kiti pawe na chai. Hujamwambia basi lipo wala halipo. Na usisahau kuangalia kama anataka haja. Wengi wanaotangatanga saa nane za usiku wanatafuta choo, na neno "choo" ndilo lililopotea.

Malezi yetu hutusaidia hapo, lakini kuna mahali yanatuponza, na hapo ndipo natumia muda mwingi zaidi darasani. Kwetu heshima kwa mzee ni kumfanyia. Ukimwona anahangaika na kifungo, unamfungia. Kijiko kikitetemeka, unakichukua. Katika makazi haya kufanya hivyo ni kumpunguzia mtu uwezo aliobaki nao. Mpango wake wa huduma, uliokubaliwa na yeye na jamaa zake, umeandika anachoweza na asichoweza, na ukiandika kwamba anajifunga vifungo mwenyewe, basi kazi yako ni kukaa dakika nane ukitazama vifungo vinne vikifungwa, mikono yako ikiwa mapajani. Dakika nane hizo ni ngumu kuliko kufua shuka kumi. Nina zoezi langu: nawavika wanafunzi glavu nene za kuoshea vyombo na kuwaambia wafunge shati, huku mwenzao akiwaharakisha. Baada ya dakika mbili mtu mzima anaanza kukasirika. Wakishavua glavu hizo siwaelezi zaidi, huwa wameelewa.

Na mkazi akikataa kuoga, ana haki ya kukataa. Unarudi baada ya nusu saa na maneno mengine, unaandika, unamwambia msimamizi. Humburuzi.

Mkazi wa Minnesota:

Nichangie kidogo tu. Huku kwetu leseni ya makazi ya aina hiyo ilianza tarehe 1 Agosti 2021, na kabla ya hapo mambo yalikuwa shaghalabaghala. Sasa mhudumu anatakiwa kupata saa 8 za mafunzo ya ugonjwa wa kusahau ndani ya saa zake 160 za kwanza za kazi. Swali langu kwa Mama Mkufunzi: mtihani wa vitendo wa huko kwenu, watu wetu hushindwa wapi? Mdogo wangu anahamia Spokane, na alikuwa muuguzi Kisumu kwa miaka mingi.

Mama Mkufunzi:

Mwambie kwanza kwamba leseni yake ya Kenya haimwondolei saa 75 mpaka atakapopata leseni ya hapa, asije akakaa akisubiri huruma.

Wauguzi wa nyumbani hushindwa kwa sababu wanajua mno. Mkono umezoea, unakwenda wenyewe, na mtahini anatazama hatua. Breki za kiti cha magurudumu ndizo zinazowaangusha wengi: anamwekea mkazi mkanda kiunoni vizuri, miguu inakaa sawa, anahesabu moja mbili tatu, anamwinua, na breki moja iko wazi. La pili ni bomba la maji. Ananawa vizuri kabisa kwa sekunde 20, kisha anafunga bomba kwa kiganja kitupu badala ya kulifunga kwa karatasi kavu, na mikono imechafuka upya. La tatu ni ukimya. Mtahini anataka kukusikia ukimweleza mkazi unachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, hata kama mkazi huyo ni mwanafunzi mwenzako aliyejilaza akicheka.

Mgeni wa Zamu ya Usiku:

Nawashukuru wote, na samahani kwa kuchelewa kurudi. Nilimwandikia meneja barua ya nusu ukurasa: kwamba sijamaliza mafunzo ya msingi, kwamba insulini sitaichoma mpaka nikasimiwe na muuguzi, na kwamba nakataa kwa sababu ya usalama wa mkazi. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliniondoa usiku akanirudisha mchana chini ya yule dada, na darasa la saa 70 naanza Jumatatu. Ada wanalipa wao, saa hawalipi, na hilo nimelipata kwa maandishi kama nilivyoshauriwa. Karatasi ya deni bado iko mezani kwangu bila sahihi. Fomu ya Idara ya Afya ilikuwa haijakwenda. Tumeituma jana, ikiwa imechelewa zaidi ya wiki moja, nami sijui itakuwaje.

Yule mama wa mkoba nilimkuta jana alasiri karibu na mlango wa namba za siri, koti mwilini. Nikashuka chini kidogo, nikamwita jina, nikangoja. Alinitazama muda mrefu, kisha akanieleza kwamba mwanawe mdogo hapendi mboga za majani. Tulizunguka ukumbi mara tatu, si mbili, na chai alikataa. Ila koti alilivua mwenyewe, kifungo kwa kifungo, nami nikasimama tu.

Dada wa Kent:

Kuhusu fomu, usikae kimya. Wapigie Idara ya Afya wewe mwenyewe, uwaulize imefika au haijafika, na jina la uliyeongea naye liandike pamoja na tarehe. Wengine wetu tulichelewa kama wewe, na swali la kwanza tuliloulizwa lilikuwa ni lini tuliambiwa habari za fomu hiyo.